Salfeti Moja, Salfeti Mbili

Assalaam aleikum. Nimeombwa nizungumzie polisakaridi asilia, yaani minyororo mirefu ya sukari inayotengenezwa na viumbe hai, na walionisikiliza siku za nyuma wanajua nitaanzia wapi: pwani ya Paje, maji yamekupwa.

Bi mkubwa mmoja, mkulima wa mwani tangu zao hili lilipoanza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, alinishika mkono akaniuliza kuhusu aina mbili za mwani anazolima, spinosamu na kotonii: "Mwanangu, wewe umesoma. Spinosamu na kotonii nimezifunga kwa taitai zile zile, vijikamba vya kufungia, kamba zile zile, bahari ile ile. Mnunuzi akija, kotonii anaipandisha bei, spinosamu anaishusha. Kosa langu liko wapi?" Nilikuwa na shahada, na jibu sikuwa nalo. Nikamwambia ndivyo soko lilivyo. Akaniachia mkono, akarudi kwenye kamba zake. Mpaka leo jibu lile linaniuma.

Jibu lenyewe hili hapa. Mwani wote wawili hujaza kuta za seli zake kwa karajinani, mnyororo mrefu wa sukari iitwayo galaktosi, zimeungana kama shanga. Kwenye kotonii, kila jozi ya shanga hubeba salfeti moja, yaani kikundi kidogo cha salfa na oksijeni. Kwenye spinosamu, mbili. Basi! Bei ya gunia imelalia hapo. Salfeti ina chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana. Palipo na moja, minyororo husogeleana, hujisokota miwili miwili, na potasiamu ikiingia kati huikaza ikawa jeli ngumu inayokatika kwa kisu. Jeli hiyo ndiyo inayoshika nyama ya kopo. Karajinani hiyohiyo hushikana pia na protini ya maziwa, na ndiyo maana unga wa kakao hautuami chini ya pakiti ya maziwa ya chokoleti. Palipo na salfeti mbili, minyororo hukaribiana kwa tahadhari, na jeli, hasa ikipata kalisi, huwa laini yenye kunesa.

Sasa ninyi mnaosema spinosamu ni dhaifu, nisikilizeni vizuri. Jeli ya kotonii ukiivunja imevunjika, na ukiiweka hutoa jasho la maji. Ya spinosamu ukiikoroga hulegea, ukiiacha hujishika tena yenyewe. Unapominya dawa ya meno ikatoka laini kisha ikasimama juu ya mswaki bila kumwagika, unataka tabia hiyo hasa. Huo ni udhaifu gani?

Mtu ataniambia, basi tulime kotonii tu. Ndugu yangu, kotonii haivumilii joto. Msimu wa kaskazi, maji ya kina kifupi yakizidi nyuzi 30, matawi hupauka na kukatika. Ukiihamishia maji marefu unahitaji chombo na kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea. Spinosamu ndiyo iliyobaki nao. Ukiidharau, umewadharau.

Na huu mmea hautengenezi jeli kwa siku moja. Jua huupa sukari, ndani ya seli galaktosi zinaunganishwa, vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kemia ndani ya seli, vinapachika salfeti. Mwishoni kimeng'enya kingine hung'oa salfeti moja iliyokaa vibaya na kuacha daraja ndani ya pete ya sukari. Bila daraja hilo mnyororo haujisokoti sawasawa. Kiwanda nacho hukamilisha kazi hiyohiyo kwa alkali ya moto. Kwa hiyo unapovuna kabla ya wiki sita, unavuna kazi ambayo haijamalizika. Utasema njaa haingoji wiki sita, na bamvua, siku za maji kupwa sana, ikipita imepita. Ni kweli, wala simlaumu mkulima. Namlaumu anayenunua mwani mchanga na mpevu kwa bei moja, halafu anashangaa jeli haishiki.

Wanawake wa Paje na Kidoti tayari wanatia mwani kwenye sabuni. Wamefika mbele yetu sisi wa maabara, na tunachopaswa kuwapelekea ni vipimo: jeli inashika kiasi gani, mchanga wa ufukweni umebaki kiasi gani, gunia lilinyeshewa au halikunyeshewa.

Nilitaka kuwapeleka kwenye selulosi na wanga, muda hauniruhusu. Niseme tu kwamba wanga wa ugali na selulosi ya ubao wa mvule vyote ni minyororo ya sukari moja, glukosi. Viungo vya wanga vinaelekea upande mmoja, vya selulosi upande mwingine, na tumbo lako lina kimeng'enya cha kukata vile vya wanga tu. Kitini, polisakaridi ya maganda ya kamba wale wa kuliwa, tutaizungumza siku nyingine.

Mezani kuna bakuli mbili, nimezichemsha asubuhi. Ya kushoto ni kotonii, ya kulia spinosamu. Njooni mzibonyeze kwa kidole, na ya kulia mkishaikoroga isubirini kidogo kabla hamjaondoka.