Upepo wa tairi za pikipiki: USILAZE GEJI jamani

Ugonile wadau, nipo hapa Uyole saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnaona moshi unanitoka mdomoni na wala sivuti sigara, ni baridi tu hii ya mwezi wa saba. Nimewahi makusudi. Leo tunaongea upepo wa tairi, ujaze kiasi gani kama wewe ni mtu wa kila siku, sokoni na kurudi, abiria mmoja mmoja, kagunia ka viazi, mizunguko ya kawaida.

Kwanini asubuhi? Kwa sababu upepo unapimwa tairi ikiwa ya baridi, imelala usiku kucha. Ukitoka nayo Mbalizi mpaka hapa tairi inakuwa imechemka, upepo wa ndani umepanda wenyewe, geji inakuonesha 31 wakati ulitoka nyumbani na 28, unasema aah imezidi, unapunguza, kesho yake unaamkia tairi laini na unaanza kumtafuta mchawi. Kama umeshatembea iache masaa matatu hivi ipoe. Najua kijiweni hamfanyi hivyo, nawajua nyie.

Haya, stendi kubwa, simamisha. Kofia ya valvu fungua, weka mfukoni. Twende.

Namba sasa. Hii yangu ya cc 150 ina stika hapa kwenye kava la cheni, ngoja nifute tope... hapo. Mbele 25. Nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Abiria MMOJA, mishikaki haina mstari kwenye hii stika, nimetafuta sijauona. Hizo ni PSI, kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji. Stika zingine zimeandikwa kwa kilo, utakuta 1.75 ndio hiyo 25, 2.0 ndio 28, 2.25 ndio 32. Ya kwako inaweza ikawa tofauti na yangu kwaiyo soma ya kwako, na kama imebanduka tafuta kile kitabu ulichopewa siku unanunua, najua kipo chini ya godoro.

Alafu kuna watu wanasoma hapa ubavuni mwa tairi. Sogeza kamera. Unaona pameandikwa MAX, alafu uzito, alafu PSI? Hiyo ni mwisho wa uwezo wa tairi, siyo kiwango chako wewe. Ukijaza hiyo unakaa juu ya jiwe. Na yule fundi anayebonyeza na kidole gumba anakwambia "iko poa bosi", kidole hakina namba ndugu yangu. Mimi tairi yenye 20 na yenye 28 nikibonyeza naona zote ngumu tu.

Sasa geji. Hapa naomba msiruke mbele.

Geji unaikandamiza kwenye valvu ikiwa WIMA, imenyooka na valvu, mara moja, kwa nguvu, alafu unatulia. Ukiilaza hata kidogo unasikia psssss, upepo unatoka pembeni na namba unayosoma ni ya uongo. Angalia nikiilaza makusudi... pssss, 19. Umeona? Sasa wima... tk. 26. Tairi ni ileile jamani.

Mimi hili lilinigharimu. Nauza mayai, ndio kazi yangu kabla ya hizi geji, siku hiyo nina trei tatu nyuma. Nikapima nimelaza geji, ikasoma 17, nikapampu. Nikapima tena nimelaza, 21, nikapampu, jasho linanitoka na baridi yote hii, mpaka geji ikasema 28 nikafurahi. Kumbe ndani sijui ilikuwa ngapi, arobaini na kitu. Nikaingia ile njia ya mawe ya kwenda Isyesye, tairi ya nyuma ikawa inaruka kama mbuzi, kila jiwe nalisikia mgongoni, breki nikishika inaserereka, nafika kwa mteja nafunua... trei mbili uji. Kwaiyo nikisema wima namaanisha wima.

Tairi ikizidi upepo inagusa ardhi kwa katikati tu, inashika kidogo. Cheki tairi ya zamani hii hapa, katikati kipara kabisa, pembeni vile vinyweleo vyake vya dukani bado vipo. Ikipungua ni kinyume, zinalika pembeni, pikipiki nzito kama inaburuta kitu, mafuta yanaenda, na kwa sisi wa tyubu kuna balaa lingine, tairi inajizungusha kidogo kidogo juu ya ringi na inavuta tyubu. Ukiona valvu imelala upande kama hivi, siyo imesimama kuelekea katikati ya gurudumu, ujue tyubu imeshavutwa, siku moja inachanika hapo kwenye shina la valvu na hapo pancha haizibiki, unanunua tyubu. Toa upepo, nyoosha, jaza upya.

Sasa hii ya kwangu ilisoma 26, inataka 28, napampu... moja, mbili... shikamoo baba! ...Eeh narekodi... Haya, nimepoteza hesabu, hamna shida, pima. Wima. 29. Imezidi kidogo, unabonyeza pini ya katikati na kucha, kidogo, tss, pima tena. 28. Nzuri.

Mbele nimeshaipima kabla sijawasha kamera, ipo 25.

Watu wa Kyela mnaniulizaga sana, mkishuka na pikipiki kutoka huku upepo unabadilika? Unabadilika. Huku tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, Kyela ipo kama 500. Ukishuka hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, geji inasoma pungufu karibu 2. Lakini Kyela joto, na joto linapandisha karibu hizohizo 2. Zinakatana. Ndio maana unashuka na kupanda miaka yote hujawahi kugundua. Usihangaike, ukilala Kyela pima asubuhi ya Kyela.

Na mvua za Tukuyu, utelezi ule mwekundu, kuna wanaotoa upepo tairi iwe laini ishike. Kwenye tope inasaidia kweli, lakini ukirudi lami ya Tanzam malori yanakupita unayumba huko, mimi siitaki hiyo. Niacheni na 28 yangu.

Ngoja nipime mara ya mwisho nifunge... 27. Mh. Ilikuwa 28 sasa hivi. Kila ukipima kuna kaupepo kanatoka lakini siyo PSI nzima. Subirini. Unachukua mate kwenye kidole, samahani kwa wanaokunywa chai, unapaka juu ya valvu... sogea sogea... mnaona? Kapovu kale. Kanakua. Kamepasuka. Kingine hicho. Pini ya ndani imelegea. Sasa kofia hizi za chuma, siyo za plastiki, zina meno mawili juu hapa, unaigeuza, unaingiza meno, unakaza kidogo kulia, usikaze kama nati ya gurudumu utakata. Mate tena... limetulia. Hamna povu. Hizi kofia ninazo, na geji pia ninazo, nipo njia panda hapahapa Uyole karibu na wauza viazi, muulize yeyote muuza mayai.

Naongeza hiyo moja iliyotoka... 28. Kofia, funga.

...Ee mama? Igawilo? Sawa, naja. Wadau mnaona, abiria huyo. Mama nipe dakika moja nikuongezee upepo, nyuma inataka 32. Hapana siyo pancha mama, ni nzima kabisa, ni kwa ajili yako... hapana sijasema wewe mnene mama. Kaka shika kamera. Geji wi... psss, aah. Mmeona? Wima.