Waliosimama Mbele ya Jukwaa: Mashabiki wa The Clash na Wanachokikumbuka

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya The Clash, bendi ya London ya panki, yaani roki ya kasi na ya uasi, iliyoundwa mwaka 1976. Nitawagusa wanamuziki wake, yaani mwimbaji Joe Strummer, Mick Jones, Paul Simonon na Topper Headon, lakini sehemu kubwa ya maneno yangu itawahusu wale waliosimama mbele ya jukwaa lao, vijana wa wakati ule ambao sasa ni wazee, na ambao kumbukumbu zao zimehifadhiwa katika vitabu, filamu na mahojiano kwa zaidi ya miaka 40. Hoja yangu ni moja: siasa za The Clash zilidumu mioyoni mwa mashabiki hao hasa kwa sababu ya jinsi bendi ilivyowatendea na jinsi ilivyowakutanisha wao kwa wao, na mashairi yalikuja nyuma ya hayo.

Tarehe inayotajwa kuliko zote ni Jumapili ya 30 Aprili 1978. Siku hiyo umati ulikusanyika Trafalgar Square, ukaandamana hadi bustani ya Victoria Park, mashariki mwa London, eneo ambalo National Front, chama cha kibaguzi kilichowapinga wahamiaji, kilikuwa kikilitegemea kwa kura. Tamasha liliandaliwa na Rock Against Racism, vuguvugu la wapenzi wa muziki la kupinga ubaguzi wa rangi, pamoja na Anti-Nazi League, umoja wa kuipinga National Front, na makadirio ya waliohudhuria ni kati ya watu 80,000 na 100,000. Rock Against Racism ilianza mwaka 1976, baada ya mpiga gitaa Eric Clapton kusimama jukwaani mjini Birmingham na kuwatukana wahamiaji mbele ya wasikilizaji wake. Wapenzi wachache wa muziki, akiwamo mpigapicha Red Saunders, walimjibu kwa barua katika magazeti ya muziki, wakimkumbusha kwamba muziki uliomtajirisha umetoka kwa watu weusi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo sababu ya kuifuatilia habari hii kwa karibu. Chuki iliyokuwa ikivunwa na National Front ilikuwa imelishwa, pamoja na mengine, na kuwasili kwa jamaa zetu: Wahindi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ambao zaidi ya 27,000 kati yao walipokelewa Uingereza. Aidha, pale Victoria Park, bendi ya X-Ray Spex iliongozwa na msichana aliyejiita Poly Styrene, ambaye baba yake alikuwa Msomali. Steel Pulse, vijana wa Birmingham wenye asili ya Karibi, walipiga rege siku hiyo hiyo.

Katika umati ule alikuwamo kijana wa miaka 20 kutoka Barking, mashariki mwa London, karani wa ofisini, jina lake Billy Bragg. Baadaye naye akawa mwanamuziki mashuhuri, na ameisimulia siku hiyo mara nyingi. Anasema alikwenda kwa sababu ya The Clash. Ofisini kwake wenzake walizoea kutoa kauli za ubaguzi, na yeye, akiwa mdogo kwa umri na cheo, alikuwa akinyamaza. Pale bustanini alijikuta karibu na kundi la wanaume mashoga ambao, mwanamuziki Tom Robinson alipoimba wimbo wake juu ya haki zao, walianza kubusiana. Bragg hakuwa amewahi kuona jambo hilo, na kwanza alishangaa wamefuata nini katika tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi. Muda si mrefu akaelewa kwamba wale waliowachukia watu weusi waliwachukia na hawa pia, kwa kuwa tu wako tofauti. Anachosisitiza hadi leo ni kwamba kilichombadilisha ni kuwa ndani ya umati ule zaidi ya kuitazama bendi, kwa sababu aliporudi kazini alijua kuwa wanaofikiri kama yeye ni maelfu. Naona ushuhuda huu una uzito kuliko uchambuzi wowote wa mashairi ya The Clash. Bendi ilikuwa sababu ya watu kukutana. Kukutana kwenyewe ndiko kulikowapa ujasiri wa kufungua midomo.

Sitaki hata hivyo kuisafisha siku ile kupita kiasi. Strummer alipanda jukwaani akiwa amevaa fulana yenye jina la Brigate Rosse, kundi la wapiganaji wa Italia ambalo saa hiyo hiyo lilikuwa limemteka Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani wa nchi hiyo, na ambalo lilimwua siku tisa baadaye. Kwa maoni yangu lile lilikuwa kosa zito. Kupinga ubaguzi hakukuhitaji fulana ya watekaji, na kijana wa miaka 16 aliyemtazama Strummer kama kaka yake alistahili mfano bora zaidi. Wapo mashabiki wanaoikumbuka fulana ile kwa uchungu, na wanasema hivyo kwa sababu wanaipenda bendi.

Vilevile wapo ambao hawajasahau mwaka 1977, bendi iliposaini mkataba wa pauni 100,000 na kampuni ya CBS. Mark Perry, mhariri wa jarida dogo la mashabiki lililoitwa Sniffin' Glue, aliandika kwamba siku hiyo ndiyo panki ilipokufa. Alikuwa na haki ya kuuliza: unawezaje kuimba dhidi ya wenye nguvu huku wenye nguvu wakikulipa mshahara?

Jibu la The Clash lilikuja taratibu, nalo lilikuja kwa njia ya bei. Mwezi Desemba 1979 walitoa London Calling, santuri mbili zilizouzwa karibu na bei ya moja. Mwaka uliofuata wakatoa Sandinista!, santuri tatu zenye nyimbo 36, nayo kwa bei ya chini. Ili kampuni ikubali, waliacha mirahaba yao ya nakala 200,000 za kwanza nchini Uingereza. Kwa kijana aliyekuwa akiishi kwa posho ya wasio na kazi, jambo hilo lilimgusa moja kwa moja mfukoni. Alipofika nyumbani na furushi lake alikuta ndani yake karatasi yenye mashairi, na katika wimbo mmoja tu zimetajwa Chile, Kuba, Nikaragua, Afghanistani na Tibet, pamoja na jina la Víctor Jara, mwimbaji wa Chile aliyeuawa na wanajeshi wa dikteta Pinochet mwaka 1973. Mashabiki kadhaa wameeleza kwamba walikwenda maktaba kutafuta habari za Jara au za Wasandinista, wanamapinduzi wa Nikaragua, kwa sababu ya karatasi ile. Naiheshimu sana kumbukumbu ya namna hiyo, maana inaonyesha santuri ikimpeleka mtu kwenye rafu ya vitabu.

Mwaka 1981 yakatokea ya New York. Bendi ilipangiwa maonyesho manane katika ukumbi wa Bond's, Times Square, na tiketi zikauzwa kupita uwezo wa ukumbi. Idara ya zimamoto ilipoingilia kati na kupunguza idadi ya watu, njia rahisi ingekuwa kurudisha fedha na kuondoka. The Clash waliamua kwamba kila mwenye tiketi ataingia, na maonyesho manane yakawa 17. Waliokuwapo wanaisimulia hadi leo, lakini kuna sehemu ambayo wengine huiruka. Bendi iliwaalika Grandmaster Flash and the Furious Five, vijana weusi wa Bronx waliokuwa wakiujenga muziki wa rap, wafungue onyesho, na sehemu ya mashabiki ikawazomea na kuwatupia vikombe. Walikuwa mashabiki wa bendi iliyopinga ubaguzi. Ukweli huu lazima utajwe na kila anayesimulia habari za Bond's, kwa sababu unaonyesha kwamba kuupenda muziki na kuuelewa ni mambo mawili.

Kuna pia kumbukumbu ndogondogo, zinazofanana kutoka mji hadi mji: kijana asiye na tiketi akivutwa ndani kupitia dirisha la chumba cha wanamuziki, au waliokosa treni ya mwisho wakilala sakafuni katika vyumba vya hoteli vya bendi. Zimesimuliwa na wengi mno, kiasi kwamba haziwezi kuwa hadithi za kubuni. Na ndizo zinazoeleza kwa nini tarehe 15 Novemba 2002, Strummer alipopiga katika ukumbi wa Acton Town Hall, London, kuwachangia askari wa zimamoto waliokuwa katika mgogoro wa mishahara, na Mick Jones akapanda jukwaani kupiga naye kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 20, hakuna aliyeona ajabu kwamba wawili hao wamekutania katika harambee ya wafanyakazi. Strummer alifariki tarehe 22 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 50.

Nimalizie na Southall, magharibi mwa London, ambako familia nyingi zilizotoka Kenya, Uganda na Tanzania zilipata makazi. Tarehe 23 Aprili 1979 National Front ilifanya mkutano pale, wakazi wakapinga, polisi wakawashambulia, mwalimu Blair Peach akauawa na mamia wakakamatwa. Mwezi Julai The Clash walipiga katika ukumbi wa Rainbow, London, kuchangia gharama za kuwatetea waliokamatwa mahakamani. Kumbukumbu nyingi nilizozisoma za bendi hii zimetolewa na wanaume wa Kizungu, na sina ugomvi nazo. Lakini wazee wa Southall waliokuwa vijana mwaka ule bado wapo, na baadhi yao wanazungumza Kiswahili kama sisi. Wenzangu mnaofanya utafiti na mnaosafiri, wafuateni. Waulizeni kama fedha zile ziliwafikia, kama walikwenda Rainbow, walisimama karibu na nani, na kama mtu waliyesimama naye aliwahi tena kufika mtaani kwao.