Simu za Mezani Kenya na Tanzania: Jichoree Grafu ya Kuzilinganisha

Karibuni tena. Leo tunachora grafu moja tu: simu za mezani Kenya na Tanzania, kuanzia 1960. Kaa kwenye kompyuta yenye Excel au Google Sheets. Kwa simu ya mkononi utateseka bure.

Kwanza, andika anwani hii kama unavyoiona kwenye kioo: data.worldbank.org/indicator/IT.MLT.MAIN.P2?locations=KE-TZ. Hiyo P2 usiisahau. Bila P2 unapewa jumla ya laini za nchi nzima, na kwa kuwa Tanzania ina watu wengi kuliko Kenya, jumla itakupotosha. Sisi tunataka laini kwa kila watu 100.

Grafu ya Benki ya Dunia hiyo hapo, lakini hatuishii hapo, maana huwezi kuiandikia maelezo yako. Bonyeza CSV upande wa kulia, kisha fungua faili ya zip iliyoshuka. Ndani yake chukua ile inayoanza na API. Futa mistari minne ya juu, tafuta KEN na TZA, nakili mistari yao pamoja na ule wa miaka, halafu bandika kwenye ukurasa mpya kwa kugeuza, miaka ishuke chini. Seli tupu ziache tupu! Ukijaza sifuri, utakuwa umewakatia watu simu ambazo walikuwa nazo.

Sasa chagua namba zote, weka grafu ya mistari. Tayari.

Tuisome. Weka alama kwenye 1977. Kabla ya hapo posta na simu za nchi hizi zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, makao yake makuu Kampala. Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikabaki na shirika lake. Weka nyingine 1994, TTCL, kampuni ya simu ya Tanzania, ilipotenganishwa na posta, na 1999, Telkom Kenya ilipofanyiwa vivyo hivyo. Ukifika 2000, Kenya ina takriban laini 1 kwa watu 100, Tanzania kama nusu ya hapo.

Halafu angalia Kenya, 2008 na 2009. Mstari unapanda ghafla, kisha unaporomoka. Wengi wakiuona wanadhani Telkom ilitandaza nyaya nchi nzima. Siyo. Takwimu hizi hukusanywa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, na kwa hesabu yao simu ya mezani isiyo na waya, ile ya CDMA (inayotumia mawimbi ya redio) yenye antena, nayo ni simu ya mezani. Simu hizo ziliuzwa kwa wingi miaka hiyo, kisha wateja wakaziacha. Kwa hiyo mlima huo si wa nyaya za shaba, na mimi ningeuandikia hivyo pale pale juu ya grafu, mtazamaji asipotoke.

Ukitaka kuongeza simu za mkononi, msimbo wake kwenye anwani ni IT.CEL.SETS.P2. Ila zichoree grafu ya pembeni. Simu za mezani hazikufika hata 2 kwa watu 100 katika nchi yoyote kati ya hizi. Ukizichanganya na za mkononi, mistari yote miwili italala sakafuni usione kitu.

Hifadhi kama picha, na chini yake andika Benki ya Dunia, ITU, na tarehe uliyopakua, kwa sababu namba za nyuma hurekebishwa.