Sonona mbele ya tabibu wa Kichina na daktari wa hospitali

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu hapa Mwanza mnamfahamu mtu wa namna hii. Ni mama mwenye biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akilalamika kwamba kichwa kinauma, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio na usingizi unakatika saa tisa usiku. Amepimwa malaria, taifodi na mkojo, akanywa dawa za kila kimoja, na hana nafuu. Alfajiri mitumbwi inapoingia na wenzake wakigombea ndoo, yeye amekaa juu ya gunia, hata kunyanyua mkono anaona kazi. Ukimwuliza kama ana huzuni, atakujibu kwamba hana, ni mwili tu.

Tabibu wa Kichina hatashangazwa na jibu hilo. Atamwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono asikilize mapigo, atamwomba atoe ulimi autazame rangi na utando wake, kisha atamwuliza kama hushusha pumzi mara kwa mara na kama huhisi kitu kimemkwama kooni kisichomezeka wala kutemeka. Katika elimu yake, ini ndilo linalosimamia mwendo wa qi, yaani nguvu ya uhai, na hasira au uchungu uliomezwa kwa muda mrefu huuzuia mwendo huo. Zhu Danxi, tabibu wa karne ya 14, alifundisha kwamba kuzuilika huko kuna aina sita na kwamba maradhi mengi huanzia hapo. Dawa inayotumika sana kwa hali hii, Xiao Yao San, ni mchanganyiko wa mizizi na majani uliokwisha kuandikwa tangu enzi ya ufalme wa Song. (Ini linalosemwa hapa si lile linaloonekana kwenye ultrasaundi, kwa hiyo mtu akiambiwa ini lake limezuilika asikimbilie kupima homa ya ini.)

Daktari wa hospitali naye ana dalili tisa anazozitafuta, na ili aseme kuna sonona anahitaji walau tano zilizodumu wiki mbili au zaidi, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu. Wengi hapa huponyoka, maana anayekana huzuni huandikiwa dawa ya tumbo na kurudishwa nyumbani. Lakini mwulize mama yetu kama bado anakwenda kwaya, au lini mara ya mwisho alikifurahia chakula alichokipika mwenyewe, nawe umpe muda wa kujibu. Arthur Kleinman, daktari wa akili kutoka Marekani, aliwachunguza wagonjwa 100 katika hospitali moja ya jimbo la Hunan, China, waliokuwa wameambiwa kwamba mishipa yao ya fahamu imedhoofika. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1982, 87 kati yao walikuwa na sonona, ingawa wengi walikuja wakilalamikia kichwa, usingizi na uchovu, kama mama wa Mwaloni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hunikera katika mabishano ya tiba hizi mbili. Watu huikataa qi kwa kuwa haipimiki, wakasahau kwamba maelezo ya upande wa hospitali nayo yana matundu. Dawa za kwanza za sonona hazikutokana na nadharia yoyote ya ubongo: mwaka 1952, huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walionekana kuchangamka kupita kiasi, na hapo ndipo madaktari walipozinduka. Baadaye tuliambiwa kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, kemikali mojawapo ya ubongo. Hata hivyo fluoksetini, dawa mojawapo ya sonona, huanza kuigusa serotonini ndani ya saa chache, ilhali nafuu huchukua wiki kadhaa, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti wa upungufu huo.

Je, tuvitupe vidonge? Hasha. Uchambuzi wa majaribio 522, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba dawa zote 21 zilizochunguzwa zilizidi vidonge visivyo na dawa, japo si kwa kiwango kikubwa. Mwaka huohuo mapitio ya tafiti za tiba ya sindano za Kichina, zile nyembamba zinazochomwa mwilini bila dawa ndani yake, yalionyesha kwamba huenda ikapunguza makali ya sonona, ila ubora wa ushahidi wenyewe ulikuwa hafifu. Kwa hiyo mimi ningemwanzishia mama huyu ushauri nasaha, na fluoksetini kama hali imekuwa nzito. Akitaka sindano juu ya hayo nisingemzuia, mradi asiache vidonge.

Mizizi ya kuchemsha ni habari nyingine. Xiao Yao San ina mzizi wa gan cao, ambao ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu mwilini, na akina mama wengi wa umri huo tayari wana presha. Mgonjwa aje kliniki na kila pakiti na kila chupa anayotumia, ikiwemo ile ya mganga, aimwage yote mezani bila kuogopa kugombezwa. Nanyi wauguzi mlioko hapa, msimgombeze, kwa sababu akigombezwa mara moja, safari ijayo atakuja na vidonge vyetu peke yake.

Karibuni kwa maswali.