Kapange Kwanza, Ndipo Ununue

Mhadhara kwa walimu na wauguzi wa chama cha akiba na mikopo, Temeke, mwezi wa tatu

Ahsante, mwenyekiti. Wanangu, habari za asubuhi.

Nimeitwa niseme viwanja vya bei nafuu vinapatikana wapi. Swali hili naulizwa kila wiki, msikitini, msibani, hata ndani ya daladala, na kila anayeuliza anataka nimtajie jina la mahali aondoke nalo: Chanika, Kongowe, Vikindu, Mlandizi. Nitayataja. Lakini nimepima ardhi ya mji huu miaka 31 kabla ya kustaafu, na jambo ninalowaambia wote ni moja: kabla hujanunua kiwanja mahali, kapange chumba hapo hapo. Miezi sita. Na ndani ya miezi hiyo masika yawemo.

Namwona mama pale anatikisa kichwa. Subiri, mwanangu, nikueleze.

Nina mpwa wangu, muuguzi kama ninyi. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, alinipigia simu. "Shikamoo, mjomba. Nimepata kiwanja mbele ya Mbande, miguu 20 kwa 20, milioni 4 tu." Nilikuwa msibani Tabora. Nikamwambia, mwanangu, nisubiri siku kumi. Jioni dalali akamwambia kuna mteja mwingine anakuja na fedha mkononi. Akalipa usiku ule ule kwa simu. Fedha ilikuwa ya mkopo, miezi 24.

Niliporudi nikaenda naye. Jua kali, ardhi imekauka, njia nyeupe, pazuri kwa macho. Nikamuuliza: yale pale ni nini? Akasema majani. Hayakuwa majani tu, yalikuwa matete. Matete hayaoti pakavu, yanafuata maji. Nikafukua kwa kijiti chini ya kichaka, nikatoa magamba ya konokono mkono mzima. Kisha tukaenda kwa jirani. Ukutani, usawa wa goti, palikuwa na mstari wa tope, rangi ya kahawia, umenyooka kama umepigwa kwa pima maji. Na mlangoni kwake alikuwa amepandisha kizingiti tofali tatu. Mtu hajengi kizingiti cha tofali tatu kwa kupenda. Yule bwana alikuwa anatueleza habari ya mahali pale bila kufungua mdomo, na mpwa wangu alipita mlangoni pake mara mbili na dalali bila kuona.

Mwezi wa nne maji yalikuja. Msingi aliokwisha kuchimba ukajaa, na mawe aliyonunua yakadidimia kwenye udongo wa mfinyanzi. Mkopo anaulipa mpaka leo.

Sasa piga picha angekuwa amepanga pale. Chumba cha 40,000, miezi sita, 240,000. Na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo hesabu yangu inaendana na desturi yao. Wiki ya kwanza tu, mama mwenye nyumba angemwambia wakati wanaosha vyombo: "Mwanangu, mwezi wa nne sisi hapa tunavua viatu." Habari ya milioni 4 angeipata bure uani. Dalali hawezi kukupa habari hiyo, maana yeye analipwa siku unayonunua, halipwi siku unayolala.

Mtaniambia: mzee, nikikaa miezi sita bei itapanda. Hilo ndilo neno la madalali, na limewaumiza watu wengi kuliko mafuriko. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya Kigamboni. Waliokuwa na maeneo wakazuiwa kuyaendeleza, miaka ikapita wakisubiri, na mji ule haukujengwa. Kuwahi kununua hakukuwasaidia. Bei ikipanda kwa miezi sita utapata kiwanja kidogo zaidi, au utasogea kituo kimoja mbele. Ukikosea mahali, unakosea kwa maisha yako yote na ya watoto wako. Na tusisahau Desemba 2011. Mafuriko yale yalipowatoa watu bonde la Msimbazi, waathirika wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Wengi wa waliokuwa wakiishi bondeni hawakuwa wajinga. Walikwenda palipolingana na mifuko yao.

Na hapa ndipo nataka mtoe kalamu. Neno "nafuu" linawadanganya. Mnaangalia bei ya kiwanja, hamwangalii bei ya kukaa pale.

Andikeni. Kiwanja cha kwanza milioni 4, mbali. Kutoka nyumbani mpaka barabarani bodaboda 1,500. Daladala ya kwanza 1,100, ya pili 600. Jumla 3,200 kwenda, 6,400 kwenda na kurudi. Siku 26 za kazi ni 166,400 kwa mwezi. Kiwanja cha pili milioni 9, karibu zaidi, unatembea kwa miguu mpaka kituoni, daladala mbili za 600. Ni 2,400 kwa siku, 62,400 kwa mwezi. Tofauti 104,000 kila mwezi, 1,248,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne, zile milioni 5 ulizookoa zimekwisha zote kwenye nauli. Kama ni mume na mke na wote mnakwenda mjini, ni miaka miwili. Na sijahesabu saa. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi akafika nyumbani saa tano, analala lini?

Nauli hizi ni za mfano wangu. Nendeni mkaweke zenu, lakini mzipate kwa kusafiri, Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, mvua ikinyesha. Msizipate kwa dalali aliyewapeleka Jumapili mchana kwa gari.

Maji vivyo hivyo. Usiulize "maji yapo?" Utajibiwa yapo. Omba glasi unywe. Kisima cha chumvi utakijua kwa ulimi. Uliza dumu la lita 20 linauzwaje mwezi wa tisa, si leo. Umeme, hesabu umbali mpaka nguzo ya mwisho: ukizidi mita 30, utahitaji nguzo, na nguzo ina gharama yake na foleni yake.

Sasa majina, maana najua mnayasubiri. Kwa mtu wa Temeke, mimi ningeanza na barabara ya Kilwa: Kongowe, halafu Vikindu, halafu Mkuranga, kwa sababu mnapanda gari moja mpaka Rangi Tatu na ardhi ya juu ipo ukiitafuta. Chanika ni kubwa na bei yake bado inashikika, ila bodaboda za ndani zitawamaliza, someni tena hesabu yangu. Kibaha na Mlandizi ni kwa mwenye kazi upande ule. Ukiambiwa kiwanja kiko jirani na stesheni ya treni mpya, nenda stesheni yenyewe uulize ni treni ngapi zinasimama pale na saa ngapi. Kigamboni, upande wa Kibada na Gezaulole, kuna viwanja vilivyopimwa katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Barabara zake zinaonekana mpaka leo, ni pana, zimenyooka, na mtu wa kazi yangu akiziona roho yake inatulia. Bei si ya chini tena. Lakini mkiungana wawili mkanunua kwa mtu anayegawa kiwanja chake kihalali, inawezekana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka.

"Miguu 20 kwa 20" si kipimo. Miguu ya nani? Dalali mfupi na mnunuzi mrefu hawapati kiwanja kimoja. Beba futi kamba, pima kwa mita, andika mita kwenye mkataba. Kama kimepimwa, tafuta bikoni, yaani alama za mipaka, uziguse kwa mkono, halafu nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, yaani uangaliziwe kwenye kumbukumbu mwenye kiwanja ni nani, kabla ya kulipa hata shilingi. Kama hakijapimwa, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri uulize eneo lile limepangiwa nini: makazi, shule, makaburi, au barabara. Kimara mpaka Kiluvya, 2017, watu walivunjiwa nyumba walizokaa miaka, kwa sababu hifadhi ya barabara pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Muhuri wa mtaa haukuwaokoa. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi, si mpimaji wala msajili.

Anayeuza akiwa na mke au mume, mwenzake asaini. Akisema mke wangu yuko kijijini, mwambie tutamsubiri. Kama ni urithi, akuonyeshe barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, si kikao cha ukoo. Na siku ya kulipa mbele ya mashahidi muwe na wakili wenu, msitumie wakili aliyeletwa na muuzaji.

Mikopo ya nyumba ya benki nilikuwa na karatasi yake hapa, haitawezekana leo. Mwalimu wa nyuma, swali lako la urasimishaji, yaani kupimiwa makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, nalo nitakujibu tukitoka.

Jumamosi hii mvua imetabiriwa, na mimi nakwenda Vikindu kwa watu wanne waliokwisha kuniomba. Anayetaka kufuatana nasi awe Rangi Tatu saa kumi na mbili kamili asubuhi, na viatu vya kukanyaga tope. Yule mama aliyetikisa kichwa, wewe nitakushikia nafasi mbele.