Hasira Yetu Inampiga Nani?

Ndugu zangu mafundi, wanafunzi wa ubunifu wa mavazi, na ninyi mnaotembea jukwaani, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nataka tuzungumzie hasira tunayoimwaga mtandaoni kuhusu miili ya wanaovaa mitindo, na tuone inampiga nani.

Juni 2019 duka la Nike la Oxford Street, London, lilivalisha nguo za mazoezi sanamu lenye tumbo, mapaja na nyonga nene. Mwandishi wa safu katika gazeti la The Telegraph akalishambulia, akidai mwanamke wa mwili ule hawezi kukimbia. Wanawake wenye mwili kama ule wakamjibu kwa picha zao za mbio ndefu. Kelele zikapanda.

Sanamu haliumii. Mei 2022 aliyelengwa alikuwa mtu. Jarida la Sports Illustrated lilimweka mwanamitindo wa saizi kubwa Yumi Nu kwenye jalada la toleo la mavazi ya kuogelea, na Jordan Peterson, mwanasaikolojia wa Kanada mwenye wafuasi mamilioni, akaandika Twitter kwamba huyu si mrembo. Watu wakamgeukia Peterson naye, hadi akatangaza kuwa anaondoka kwenye mtandao huo. Jamani, jalada huamuliwa na mhariri. Mwanamitindo huitwa kazini, akavaa anachopewa, akapigwa picha, akarudi kwao. Mwenye madaraka madogo kuliko wote ndiye aliyejadiliwa mwili wake na dunia nzima.

Wembamba nao hawapumui. Hapa kwetu maneno yako tayari: akinenepa ni bonge, akikonda ni kimbaumbau, na wote wanatakiwa wawe namba nane. Agosti 2006 Luisel Ramos wa Uruguay alifariki katika onyesho la mavazi. Novemba mwaka huohuo Ana Carolina Reston wa Brazil alifariki akiwa na miaka 21, baada ya kuugua anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula. Hakuna tusi lolote la mtandaoni ambalo lingewaokoa mabinti hawa. Kilicholeta nafuu kidogo ni kuwabana wanaoajiri wanamitindo. Septemba 2006 waandaaji wa maonyesho ya Madrid waliwakataa wanamitindo ambao uwiano wa uzito na urefu wao (BMI) ulikuwa chini ya 18. Ufaransa nayo, tangu 2017, inadai cheti cha daktari kuhusu afya ya mwanamitindo, na mwajiri anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi euro 75,000 na hata kufungwa.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo pana shina la mambo, na hapazungumzwi vya kutosha. Kampuni ya mavazi hushona sampuli moja ya kila vazi kabla ya kiwanda kuanza. Sampuli hiyohiyo hupanda jukwaani, na hiyohiyo huazimwa magazetini kwa ajili ya picha. Imekatwa kwa saizi ndogo. Kwa hiyo nguo ndiyo inayotafutiwa mwili, wakati kwa fundi wa Kariakoo mwili ndio unaotafutiwa nguo: anakupima kifua, kiuno, nyonga, ndipo anashika mkasi. Kampuni ikitaka saizi kubwa zaidi, huongeza pateni, yaani mchoro wa kukatia kitambaa, kwa hatua, sentimita kadhaa kila saizi. Mafundi mnajua inapoharibika. Bega halikui kwa kasi ya nyonga. Kwapa linashuka, kola inapwaya, kifua kinabana. Ukifika saizi fulani lazima uchore pateni mpya, umtafute mtu wa kujaribishia mwenye mwili huo, ununue kitambaa zaidi. Hizo ni fedha, na wengi hukataa kuzitoa, kisha hutuambia eti wateja hawapo.

Matokeo yake yanahesabika. Vogue Business, chombo cha habari za biashara ya mitindo, ilipitia maonyesho 198 ya msimu wa vuli na baridi wa 2025 katika New York, London, Milan na Paris, jumla ya mavazi 8,703. Yaliyovaliwa na wanamitindo wa saizi kubwa yalikuwa asilimia 0.3. Miaka miwili kabla yake, msimu kama huo, ilikuwa asilimia 0.6. Tumegombana miaka yote hiyo, na kiasi kimepungua!

Sisemi watu wanyamaze. Kampuni ya mavazi ya Marekani, Abercrombie & Fitch ilipata ilichostahili. Mwaka 2006 bosi wake, Mike Jeffries, aliliambia jarida la mtandaoni la Salon waziwazi kwamba wanawalenga vijana wenye mvuto na kwamba wengine si wa kwao. Maneno hayo yakaibuliwa tena 2013, saizi kubwa za wanawake zikiwa hazipo madukani. Alilalamikiwa kwa kauli yake mwenyewe na kwa rafu za madukani zilizoonekana kwa macho. Kabla mwaka haujaisha kampuni ikatangaza kuongeza saizi.

Lakini kutuhumu kuna gharama, hata ukiwa na ushahidi. Novemba 2018 ukurasa wa Instagram wa Diet Prada, unaokosoa kampuni za mitindo, ulieneza tangazo la kampuni ya mavazi ya Italia, Dolce & Gabbana lililoonekana kuwadhihaki Wachina, pamoja na ujumbe uliotoka katika akaunti ya Stefano Gabbana, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, ambaye alisema ilidukuliwa. Onyesho la Shanghai likafutwa. Mwaka uliofuata wenye ukurasa wakashtakiwa Milan kwa kuchafua jina, wakidaiwa fidia ya mamilioni ya euro. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu pia anayesambaza taarifa za uongo. Kwa hiyo ukitaka kusema kwamba mbunifu fulani alimnyima binti kazi kwa sababu ya mwili wake, uwe na ujumbe wenyewe, uwe na ridhaa ya binti huyo, na umpe mbunifu nafasi ya kujibu kabla hujaposti. Jina la fundi ndiyo duka lake, na skrinshoti iliyokatwa nusu inaweza kulifunga kwa usiku mmoja.

Maswali tutayachukua sasa, ila naomba wabunifu mnitangulie. Sampuli yako ya kwanza unaikata kwa kifua cha sentimita ngapi, na ni nani aliyekuchagulia kipimo hicho?