Maji ya kisima na ule mmea wako mrefu

Jamani sogeeni mbele, huko nyuma jenereta itawala masikio. Nimeambiwa niongelee maji, mwanga, mbolea na wadudu, ila nyie mnanijua, naanza na maji na huenda nisitoke hapo.

Huu hapa ndio Calathea lutea, ndugu wa ile mimea ambayo usiku majani yanasimama kama mikono ya dua. Kwao ni Amerika ya Kati kushuka mpaka Brazili, kwenye majimaji, na huko unafika mita 3. Geuza jani, chini kuna kama unga mweupe, ukipitisha kidole unabaki kidoleni. Sio ugonjwa! Kuna mtu kaufuta wote na spiriti halafu akanipigia simu anajisifu.

Sasa kuna dada mmoja wa Mbezi, wa kwake kingo za majani zimekauka kama karatasi iliyopitiwa na kiberiti. Kahamisha chungu mara nne, kaongeza mbolea, mama mkwe kasema jicho. Mi nikaangalia mdomo wa chungu, kuna ukoko mweupe, nikaubandua na kucha nikaulamba. Chumvi. Ya kuungia mboga kabisa. Dada, maji unatoa wapi? Kisimani.

Ndo hivyo. Maji yanapanda mpaka kwenye jani, yanaondoka kama mvuke, chumvi inabaki pale pembeni inaunguza. Utaniambia mbona mnazi wangu namwagia hayohayo na unazaa? We, mnazi ni mtoto wa pwani, halafu uko ardhini, masika inausuuza, chungu nani anakisuuza? Mwingine anachemsha maji kwanza, kwani chumvi inapaa? Umeikoleza tu kama mchuzi.

Kinga mvua, jaza madumu. Hata yale maji ya AC yanayodondokea kwenye ndoo ni mvuke uliopoa, hayana chumvi, mi nayatumia mwaka wa pili huu. Chungu chenye ukoko kimwagie maji ya mvua taratibu mpaka yatokee chini, rudia tena na tena, na yaliyojaa kwenye kisahani mwaga, yule dada alikuwa anayaacha yanyonywe upya!

Mwanga: karibu na dirisha, jua la mchana lisiupige. AC isipulizie majani. Wadudu siku nyingine, mwenye ukumbi keshaanza kunionyesha saa. Aliyekuja na kidumu cha maji ya kwake alete hapa mbele tuonje.